Madam Aliyehesabu Chembe za Jivu

Ukitaka kujua Madam alikuwa mtu wa aina gani, anza na harusi ya dada yangu kule Kajiado mjini. Watu mia tisa walikuja, na kama hawakufika mia tisa basi walikula kama mia tisa. Keki ilipoletwa, nyeupe, ndefu kama mnara wa simu, kila mtu alitoa simu apige picha. Madam alitoa mfukoni kioo cha kukuzia vitu, akaisogelea ile keki mpaka pua yake ikaacha alama kwenye sukari, akasema polepole, "Hapa kuna vumbi la barabara ya Namanga."

Bibi harusi alilia. Madam hakuelewa analilia nini. Kwake ile ilikuwa sifa. Vumbi limesafiri umbali wote ule likaja harusini, na hakuna mtu mwingine aliyelikaribisha.

Tulimwita Madam kwa sababu alitufundisha kemia kwenye ngumbaru, pale Kitengela, kuanzia saa kumi na moja jioni. Darasa lilikuwa la watu wazima: madereva, mama mboga, askari wa geti, na mimi, nyapara wa matofali. Mchana alifanya kazi kwenye maabara ndogo nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, vyumba viwili na sinki moja, akipima vitu ambavyo watu hujengea nyumba. Mchanga alipima, saruji alipima, lakini alichokipenda ni jivu.

Si jivu la jikoni. Hilo alilidharau kama watu wengine wanavyodharau vumbi. Jivu lake lilikuwa la makaa ya mawe, lile linalobaki kwenye mitambo mikubwa ya umeme huko nchi za watu. Linakuja kwetu kwa meli, halafu kwa lori, kwenye magunia ambayo ng'ombe anaweza kulala ndani. Ukilichanganya na saruji, tofali linakuwa gumu na saruji inaenda kidogo. Ukiliangalia kwa macho tu ni unga wa kijivu usio na habari yoyote. Ukiliweka chini ya hadubini, ndugu yangu, utakosa usingizi.

Mara ya kwanza aliponiruhusu kuangalia nilirudi nyuma nikaangusha stuli. Kule ndani kulikuwa na mipira. Mipira ya kioo, mamia, myeupe na ya rangi ya asali, mviringo kamili, kana kwamba kuna fundi amekaa mahali anaisugua mmoja mmoja kwa kitambaa. Madam alinieleza kwamba tanuru la mtambo wa umeme lina moto mkali mpaka uchafu ulio ndani ya makaa unayeyuka, unapaa na moshi kama matone, na matone yakipoa hewani yanakuwa mipira. Mingine ina uwazi ndani. Mingine, ukiwa na bahati, imebeba mipira midogo tumboni kama mama mwenye mimba ya watoto thelathini. Vile vipande vyeusi vyenye matundu kama sifongo ni makaa ambayo hayakumaliza kuungua. Hivyo Madam aliviita "wanafunzi wangu", na alikuwa akituangalia.

"Na vumbi la machimbo je?" nilimuuliza. Hilo ni vumbi la mawe ya hapa kwetu, la kijivu vilevile, na kwenye gunia huwezi kulitofautisha na jivu.

"Hilo ni chupa iliyovunjika," akasema. "Limejaa pembe. Ukiliona mara moja hutaliita jivu tena maishani."

Nilimuuliza kwa sababu. Mchana nilifanya kazi kwenye yadi ya matofali kule Kisaju, yadi ya mama mmoja Mmaasai ambaye sote tulimwita Yeiyo, yaani mama. Yeiyo alikuwa ameuza mitamba kumi na mbili kuanzisha ile yadi. Mashemeji zake walikuja kila Jumapili kusimama kwenye ua na fimbo zao wakiuliza kama haya matofali yanakamuliwa asubuhi au jioni. Yeiyo aliwapa chai na hakujibu. Halafu akapata kazi kubwa: matofali yote ya zahanati mpya. Tulikuwa watu kumi na wanne tukila kutoka kwenye ile kazi, na mimi nilikula kama watatu.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa mzee mmoja mkulima na mfugaji wa kuku, mtu wa kanisa, mwenye kofia ambayo nadhani aliogea nayo. Akasikia uvumi kwamba madalali fulani wanachanganya jivu na vumbi la machimbo. Tofali la namna hiyo linasimama vizuri mwaka wa kwanza, halafu likipata mvua mbili tatu linaanza kumeguka kama keki. Mzee akaja Kisaju, akalipiga tofali letu kwa kidole, akasema, "Mama, mimi sisemi wewe ni mwizi. Lakini wagonjwa watalala chini ya haya mawe. Niletee barua ya yule Madam wa jivu. Bila barua, matofali ni yako, weka maua juu."

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Bila barua, hakuna zahanati, hakuna yadi, na mashemeji wangepata cha kuongea mpaka mwisho wa dunia.

Sasa, Madam hakuwa mtu wa kutoa barua kama karanga. Alikuwa na msemo wake, "Chembe haina shangazi," maana yake usije kwake na habari za nani anamjua nani. Ukimwambia darasani, "Madam, nafikiri rangi itakuwa nyekundu," anakujibu, "Kufikiri ni mambo yako ya nyumbani. Mimi nimeuliza umeona nini." Mwanafunzi mmoja, dereva, aliandika kwenye mtihani kwamba aliona moshi mwingi sana. Madam akakata "sana" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: mwingi kuliko nini? Mimi nilikuwa adui yake mkubwa kwenye jambo hilo. Kila nilichoona kilikuwa milioni. Alinirudishia karatasi zangu zikiwa nyekundu kama nyama ya Jumapili.

Aliogopa uchafu kuliko watu wanavyoogopa simba. Kabla ya kugusa kitu maabarani unanawa mikono mara mbili, unakausha hewani kama daktari wa upasuaji, na chakula hakivuki mlango. Lakini nyumbani kwake, aliponituma siku moja nikachukue vitabu, nilikuta vumbi kwenye kabati ambalo ungeweza kupanda sukumawiki. Nilipojaribu kupangusa alinikamata mkono. "Wacha. Hilo la juu ni la mwezi wa sita." Alikuwa na vichupa vya dawa vimepangwa dirishani, kila kimoja na kikaratasi: dirisha la jikoni, kola ya padri, kiti cha mbele cha matatu ya Kisaju, njiwa. Sikuuliza habari za njiwa.

Na huyohuyo Madam, aliyewahi kutufukuza maabarani kwa sababu ya karanga moja, alisahihisha mitihani yetu akiwa anakula mahindi ya kuchoma. Karatasi yangu ya mwisho ilirudi na alama sitini na tatu na punje mbili.

Yeiyo akaniambia, "Nyapara, wewe ndiye umesoma. Peleka jivu kwa mwalimu wako."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikipita Kisaju kuna mtu anacheka. Nilihitaji kitu cha kubebea jivu. Kwenye jiko letu la yadi, mahali tunapopikia chapati za saa nne, kulikuwa na pakiti ya karatasi ya unga wa ngano, tupu, imekunjwa vizuri. Nyumba gani hapa kwetu inatupa pakiti ya unga? Inabebea sukari, misumari, mayai. Nikaikung'uta mara moja kwenye goti langu, nikatia jivu, nikaenda.

Siku hiyo mzee Mwenyekiti naye alikuja maabara na kofia yake, akaketi kwenye benchi na Yeiyo, kila mmoja mwisho wake kama watu walioachana. Madam akatandaza jivu kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Aliangalia kwa muda mrefu sana. Najua, muda mrefu kuliko nini. Kuliko mahubiri.

"Kuna mipira," akasema.

Yeiyo akashusha pumzi.

"Lakini kuna mingine ambayo siipendi. Ni mviringo, ila imelegea. Imelegea kama mandazi."

Akachukua ayodini, akadondosha tone moja. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye darasa la sayansi anajua tone la ayodini hufanya nini likikutana na wanga. Madam akaninyooshea kidole nije nione. Katikati ya mipira ya kioo, vile vimandazi vilikuwa vimegeuka samawati iliyokolea mpaka nyeusi, kama viatu vya askari.

"Hiki ni chakula," akasema Madam.

Mzee Mwenyekiti alisimama, akavaa kofia ambayo hakuwa ameivua. "Mama," akamwambia Yeiyo kwa huruma, "unatujengea zahanati kwa chapati?"

Nilijaribu kueleza. Hakuna aliyenisikia isipokuwa Madam, aliyeichukua ile pakiti kwa vidole viwili, akasoma maandishi ya mbele, akaiweka chini, akanitazama. Miaka minne alikuwa amenifundisha kunawa mikono.

"Nyapara," akasema, "mikono uliosha?"

"Niliosha, Madam."

"Sana?"

Nikalipangusa goti langu; bado lilikuwa na unga.

Kufikia kesho yake Kitengela nzima ilijua. Mtu alisema tofali zetu ukizichoma na mafuta zinafura. Mwingine aliapa binamu yake alikula kona ya ukuta. Mashemeji walikuja Jumatatu badala ya Jumapili, hawakuweza kungoja. Mmoja akauliza kama wao wanapata chai na tofali au chai peke yake. Yeiyo aliwamiminia chai, akasema, "Leo ni chai peke yake. Matofali ni ya wenye meno."

Mimi hakunifokea. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Watu kumi na watatu wanakutegemea, nyapara, na wewe ulikuwa na ndoo."

Ilikuwa kweli. Ndoo ilikuwa pale, safi, na mfuniko.

Madam mwenyewe ndiye aliyesema atakuja Kisaju kuchukua sampuli upya. Alifika amevaa gambuti na koti jeupe, na bomba refu la chuma la kudungia magunia mpaka katikati. "Takwenya," akamwamkia Yeiyo, kwa Kimaasai chake cha ajabu. "Iko," Yeiyo akajibu, na kutoka hapo wale wanawake wawili walielewana kwa namna ambayo ilinitia wivu. Yadi ilikuwa imepokea mizigo miwili ya jivu kwa dalali mmoja: mzigo wa kwanza ulikuwa umetengeneza karibu matofali yote, na wa pili ulikuwa umetengeneza safu mbili za mwisho kando ya ua. Madam alidunga magunia ya mizigo yote miwili, akatia kwenye vichupa vyake, akavitia muhuri kwa nta ya mshumaa. Mimi nilikatazwa kukaribia hatua kumi. Halafu akanywa chai. Akarudi siku ya pili kwa sababu alisahau kalamu, akanywa chai. Akarudi ya tatu, na nakwambia hakuwa amesahau chochote. Alikula maziwa ya kuganda kwenye kibuyu, akataka kujua mkaa wa kusafishia kile kibuyu ni wa mti gani.

Kwa hiyo nilikwenda maabara siku ya majibu nikiwa na matumaini. Nilisema moyoni, huyu ameshakula kwetu, barua iko njiani.

Alikuwa ametuita wote watatu pamoja, kabla darasa la jioni halijaanza. Yeiyo na mzee Mwenyekiti kwenye benchi, mimi kwenye stuli. Madam alisimama kando ya hadubini na hakuinama.

"Mimi siangalii," akasema.

"Kwa nini?" mzee akauliza. "Si ndiyo kazi yako?"

"Nimekula kwa huyu mama mara tatu. Nataka jivu lake liwe zuri. Jicho linalotaka kitu si la kuaminiwa." Akatugeukia. "Wewe nyapara unataka ndiyo. Wewe mzee unataka hapana. Mtaangalia nyinyi. Kila mmoja atahesabu chembe mia tatu za kila mzigo kwenye vioo hivihivi, anaandika za mviringo ngapi, zenye pembe ngapi. Mkipishana mnarudia. Mkikubaliana, hiyo ndiyo barua, na mimi nitaitia sahihi."

Mzee alisema yeye ni mtu wa kuku. Madam akamwambia anawe mikono.

Nilihesabu kwanza. Mzigo wa kwanza haukunipa taabu, mipira mitupu. Mzigo wa pili ulinipa. Kulikuwa na mipira, ndiyo, lakini kati yake kulikuwa na vitu vyenye makali, vimelala kama chupa nje ya baa. Kila nilipofika kwenye kimoja moyo wangu uliniambia, hicho ni mpira umekaa vibaya. Nikaandika mviringo. Kingine, mviringo. Nilimaliza nikiwa na jivu takatifu pande zote mbili.

Mzee akaja. Hakujua kufumba jicho moja. Ilibidi alizibe kwa kofia, ndipo nikajua ana upara. Yeye aliona makali kila mahali. Hata mzigo wa kwanza aliuandikia vipande vya chupa arobaini.

Madam akaangalia karatasi zetu. "Mmoja ameona harusi, mwingine ameona vita," akasema. "Rudieni. Safari hii kaeni pamoja."

Tulikaa shavu kwa shavu, tukipokezana. Nikamwonyesha kwenye mzigo wa kwanza kitu alichokiita chupa. "Mzee, angalia pembeni. Kimejikunja."

Akasogeza kioo kidogo. "Kimejikunja," akasema. "Kama ganda la yai." Akaangalia kingine, na kingine. "Haya yote ni maganda. Ni mipira ya uwazi imepasuka." Miaka thelathini ameokota maganda ya mayai kwenye banda; hakuna mtu Kajiado nzima angemdanganya kuhusu ganda. Akachukua kalamu, akafuta arobaini zake bila kuombwa. Zilibaki tatu.

Halafu akasogeza mzigo wa pili mbele yangu. Aliweka tu msumari wa hadubini, ule wa kuonyeshea mahali pa kuangalia, akangoja.

Nilimsikia Yeiyo akikohoa kwenye benchi nyuma yangu. Niliangalia kile kipande. Hakikujikunja popote. Kilikuwa jiwe la kwetu, la machimboni, lenye pembe nne safi. Niliangalia kilichofuata. Watu wananijua mimi; ningeweza kukipigia hadithi kile kipande mpaka kiwe mviringo. Lakini mzee alikuwa amefuta arobaini zake mbele ya macho yangu.

"Ni chupa," nikasema. "Hiki pia. Na hiki."

Tulihesabu mpaka mwisho. Karatasi zetu zilipishana kwa chembe mbili. Mzigo wa kwanza, jivu halisi. Mzigo wa pili, karibu theluthi yake vumbi la machimbo.

Madam akamwambia Yeiyo bila kupunguza wala kuongeza. Yeiyo akauliza, "Safu zipi?"

"Mbili za kando ya ua," nikasema. "Zile za mwisho."

Akashika shanga zake. "Kesho nitazivunja," akasema. "Mwenyekiti, uje uone. Na uwaambie mashemeji zangu waje, nyundo ziko tatu."

"Nitakuja," mzee akasema. "Hizo nyingine anza kupeleka zahanati Jumatano." Akageuka kwa Madam. "Naweza kuona tena ile mipira yenye watoto?"

Alipewa dakika tano, akakaa ishirini.

Barua niliiandika mimi, kwa sababu mwandiko wa Madam unasomwa na yeye na Mungu. Aliitia sahihi, akasema niandike chini yake kwamba mimi na mzee ndio tuliohesabu, na niongeze mstari mmoja kueleza tulichoona. Kisha akatugeuzia mgongo, akaenda sinki kuosha vioo. Niliinama, nikaanza. Nikaandika jina la mzee, nikaandika langu, halafu kalamu ikapata njia.

"Nyapara," akasema Madam bila kugeuka, maji yakitiririka. "Nasikia kalamu inatembea sana. Punguza."